Miradi sita mezani, wakubwa wawili: nianze na upi?

"Mtaalamu, naomba ushauri. Idara yetu ni ndogo na kwa sasa nina miradi sita mezani. Wa kwanza ni kuhamisha kumbukumbu za wateja kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Ule wa zamani utazimwa baada ya miezi minne. Wa pili ni ripoti ya mwaka, inatakiwa ndani ya wiki tatu. Wa tatu ni mwongozo wa kufundishia wafanyakazi wapya. Wa nne ni kurekebisha fomu ya maombi ambayo wateja wanaikosea kila siku. Wa tano ni kukusanya maoni ya wateja, wa sita ni tovuti ya idara. Kila mmoja nimeshaugusa kidogo. Nina wakubwa wawili na kila mmoja anasema wake ndio wa haraka. Nimejaribu ule mraba wa vyumba vinne, unaotenga kazi kwa uharaka na umuhimu wake, kazi zote zikaangukia chumba kimoja. Huwa naanza na vitu vidogo ili nipate moyo, jioni inafika sijagusa kikubwa chochote. Usiku naamka saa nane nikiwaza viporo. Nianze na upi? Au tatizo ni mimi, sina nidhamu?"

Nitajibu swali lako la mwisho kwanza, maana naona ndilo linalokuuma zaidi. Hapana. Asiye na nidhamu hulala fofofo, haamki saa nane za usiku kuhesabu viporo. Kinachokusumbua kimejificha kwenye sentensi ambayo umeipitia haraka: "Kila mmoja nimeshaugusa kidogo." Unauliza uanze na upi, na kumbe umeshaanza yote. Kabla hatujapanga foleni, inabidi kwanza tuizungumzie hiyo tabia ya kufungua kazi zote kwa pamoja, kwa sababu hakuna mpangilio utakaokusaidia kama utaendelea nayo.

Chukua miradi mitatu tu, kila mmoja unahitaji wiki tatu za kazi. Mtu mwenye moyo wa haki huizungusha: wiki hii wa kwanza, wiki ijayo wa pili, inayofuata wa tatu, kisha anarudi mwanzo. Kwa mtindo huo wa kwanza utakamilika wiki ya 7, wa pili wiki ya 8 na wa tatu wiki ya 9. Sasa ifanye mmoja baada ya mwingine bila kurukaruka. Wa kwanza utakamilika wiki ya 3, wa pili wiki ya 6, wa tatu wiki ya 9. Utazame vizuri huo wa tatu: haukuchelewa hata siku moja. Aliyewekwa mwisho kapokea kazi yake wiki ileile ambayo angeipokea kama ungezungusha, na wenzake wamepata zao mapema, mmoja kwa wiki nne nzima, mwingine kwa wiki mbili. Hesabu hii nimeiandika ubaoni mara nyingi, na karibu kila mara kuna mtu anayeomba nirudie kwa sababu anahisi nimemwibia mahali.

Tena hapo nimekuhurumia. Nimejifanya kwamba kuhama kutoka mradi mmoja kwenda mwingine ni bure. Si bure. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anayeiacha kazi haijaisha akarukia nyingine huacha sehemu ya mawazo yake kwenye ile ya kwanza, na ile ya pili ndiyo inayoumia. Wewe mwenyewe unajua ilivyo: unafungua faili la ripoti baada ya siku tisa, na nusu saa ya kwanza inaisha ukijiuliza ulikuwa umefikia wapi na kwa nini ile safu uliipaka njano.

Kwa nini basi karibu sote tunazungusha? Kwa sababu ya vikao. Mkubwa akiuliza, tunataka tuwe na la kusema, na neno "inaendelea" linatuokoa dakika ile. Ukigusa miradi sita unapata ruhusa ya kusema "inaendelea" mara sita. Ni neno la gharama kubwa sana hilo. Ushauri wangu ni uwe na kazi mbili tu zilizo wazi kwa wakati mmoja: moja kubwa, na moja ndogo ya kushika pale ile kubwa inapokwama ikisubiri saini au takwimu za mtu mwingine. Nyingine nne zifungwe kabisa. Kufunga maana yake ni kuandika mstari mmoja wa hatua itakayofuata, kuweka faili mahali pake, na kutolisogelea tena mpaka zamu yake.

Sasa foleni yenyewe. Ule mraba hukuuchora vibaya. Watu huuita kwa jina la Eisenhower, Rais wa Marekani, ambaye katika hotuba ya Agosti 1954 mjini Evanston alinukuu maneno ya mtu aliyewahi kuwa mkuu wa chuo: kwamba ana matatizo ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu, ya haraka si muhimu, na ya muhimu kamwe si ya haraka. Vyumba vinne vimechorwa na wengine baadaye. Ni kifaa kizuri cha kupepeta, kitakuonyesha kazi gani ni makapi. Lakini ukishapepeta ukabaki na punje tupu, mraba hauna la kukuambia kuhusu punje ipi itangulie. Ndiyo maana zako zote zimelundikana chumba kimoja.

Swali linalopanga foleni ni hili: mradi huu ukichelewa wiki moja, nani anapoteza nini? Usiulize ni muhimu kiasi gani. Kila mwenye mradi atakuambia wake ni muhimu, na hatakuwa anadanganya. Uliza hasara ya kuchelewa, halafu ipime na urefu wa kazi. Mwaka 1956 Mmarekani Wayne Smith alithibitisha kwa hesabu kwamba ukitaka jumla ya hasara za kusubiri iwe ndogo kabisa, gawa hasara ya kila mradi kwa muda unaohitaji, kisha anza na wenye jibu kubwa. Tuseme mradi mmoja unapoteza alama 10 kwa kila wiki ya kusubiri na unachukua wiki 5, na mwingine unapoteza alama 6 na unachukua wiki 2. Ukianza na ule "muhimu zaidi", wenyewe utasubiriwa wiki 5, hasara 50, na mdogo utasubiri mpaka wiki ya 7, hasara 42. Jumla 92. Ukianza na mdogo: 12 kwa huo, 70 kwa mkubwa, jumla 82. Mradi wenye uzito mdogo umestahili kutangulia kwa sababu ni mfupi na hasara yake kwa kila wiki ya kazi ni kubwa.

Usije ukadhani nimebariki tabia yako ya kuanza na vitu vidogo. Hapana. Smith anazungumzia kidogo chenye hasara kubwa. Wewe unachofanya asubuhi, kama wengi wetu, ni kuchagua kidogo kwa sababu ni kidogo. Kuna watafiti waliochambua zaidi ya picha milioni 2 za uchunguzi wa tiba zilizosomwa na madaktari, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Madaktari walipoiacha foleni waliyopangiwa, mara nyingi walikimbilia zilizo fupi au zinazofanana, na kwa wastani kazi ilikwenda taratibu zaidi, kwani muda wa kuchaguachagua ulikula faida. Ile raha ya kufuta mstari kwenye orodha ni ya kweli, siikatai. Iwekee saa yake, baada ya chakula cha mchana labda, wakati kichwa kimeshachoka na hakifai kwa ripoti.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huo. Mwaka huohuo wa 2018 Meng Zhu na wenzake walichapisha majaribio ambapo watu walichagua kati ya kazi yenye malipo madogo lakini muda wake unaisha upesi, na kazi yenye malipo makubwa ambayo muda wake bado upo. Watu walivutwa na inayoisha upesi hata pale ilipokuwa wazi kwamba nyingine inalipa zaidi, na waliovutwa sana ni wale wanaojiona wana shughuli nyingi. Ndio sisi hao. Lakini walipokumbushwa malipo wakati wa kuchagua, mvuto ulipungua. Kwa hiyo andika hasara ya kuchelewa mbele ya jina la kila mradi kwenye orodha yako, kwa maneno matano tu. Usiandike "fomu". Andika "fomu: wateja wanakosea kila siku".

Hasara yenyewe haiji kwa sura moja, na hapa ndipo miradi yako inapoanza kujitenga. Fomu ni bomba linalovuja: kila siku maombi yanarudi, mtu anapiga simu, mwenzako anarekebisha kwa mkono. Ripoti na kuhamisha kumbukumbu ni milango itakayofungwa: leo hupotezi kitu, kesho hupotezi kitu, na siku fulani unapoteza kila kitu. Mwongozo, maoni na tovuti, kwa jinsi ulivyoeleza, haviumizi mtu yeyote wiki hii. Kanuni ya Smith inafaa kwa mabomba. Milango inahitaji kuhesabiwa kutoka tarehe ya mwisho kurudi nyuma.

Na ukihesabu kurudi nyuma, usiyaamini makadirio yako. Sisemi kwa kukudharau. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria takriban siku 34. Walitumia zaidi ya 55. Hata walipoambiwa wakadirie kama kila kitu kitaharibika, walisema takriban 49, na bado hawakufika. Dawa ni kuacha kuifikiria kazi iliyo mbele na kuuliza ile iliyofanana nayo ilichukua muda gani kweli.

Hukuniambia kuhamisha kumbukumbu kutachukua muda gani, na nadhani hukuniambia kwa sababu hujui. Tuseme kichwani una wiki 6. Kwa uwiano wa wale wanafunzi, hizo ni wiki 10. Miezi minne ni kama wiki 17. Maana yake siku ya mwisho kabisa ya kuanza ni wiki ya 7 kutoka leo, na hapo hujaacha nafasi ya kuugua wala ya mfumo kugoma. Huu ndio mradi ambao hakuna anayekupigia kelele juu yake, nao ndio unaoweza kukuharibia mwaka. Usiuanze wiki hii, lakini wiki hii utenge siku moja uhamishe kumbukumbu 50 za majaribio. Utakuta majina yaliyorudiwa, sehemu zilizoachwa wazi, tarehe zilizoandikwa kwa mitindo mitatu. Siku hiyo moja itakupa kadirio bora kuliko yote utakayoyatoa kichwani.

Baina ya fomu na ripoti, nakiri kanuni zinagongana. Smith angesema fomu itangulie. Kanuni nyingine, ya J. R. Jackson ya mwaka 1955, inasema ukitaka ucheleweshaji mbaya kabisa uwe mdogo iwezekanavyo, fuata tarehe zilizo karibu. Kwa hiyo ripoti. Kwa uzoefu wangu mgongano huu mara nyingi humalizwa na jambo la kawaida sana: ripoti ya mwaka haiandikwi na mtu mmoja. Inasubiri takwimu za mhasibu, za wenzako, za idara jirani. Basi saa ya kwanza ya Jumatatu ni ya ripoti, na kazi yake ni moja tu, kutuma maombi ya takwimu zote na kuwapa watu tarehe ya kurudisha. Wao wakitafuta, wewe unaziba fomu. Kama kufikia mwisho wa wiki fomu haijaisha, iweke chini uende kwenye ripoti, kwa sababu mlango ni mlango. Nimetoka kukuambia usikatize kazi, na sasa nakuambia ukatize. Tarehe isiyosogezeka ndiyo sababu pekee ninayoikubali.

Ile mitatu iliyobaki inapangwa na utegemezi, yaani ipi inaisubiri ipi. Mwongozo wa wafanyakazi wapya, ukiuandika sasa, utaeleza mfumo unaozimwa. Utauandika mara mbili. Subiri kumbukumbu zihamie, isipokuwa kama kuna wafanyakazi wapya wanaoingia kabla ya hapo. Kama wapo, andika kurasa mbili za muda na uziite za muda. Maoni ya wateja, ukiyakusanya leo, watakuambia fomu ni mbaya, jambo ambalo unalijua na tayari unalishughulikia. Yakusanye baada ya fomu mpya kutumika mwezi mmoja au zaidi. Kuhusu tovuti sina la kusema, kwa sababu hukusema nani anaisubiri. Uliza. Kama hakuna jina la mtu linalotajwa, umepata mradi wa kuuondoa kwenye orodha.

Tuje kwa wakubwa. Kosa ambalo watu hufanya, nami nimelifanya enzi zangu za ajira, ni kumwendea kila mkubwa peke yake na kumuuliza, "Nianze na upi?" Jibu unalijua kabla hujagonga mlango. Nilipofanya hivyo nilitoka na ahadi mbili za wiki moja, na nilipozivunja zote hakuna aliyekumbuka kwamba nilikuwa nimeomba mwongozo. Nenda na karatasi moja badala ya swali. Iwe na miradi sita kwa mpangilio unaoupendekeza, tarehe ya kukamilika ya kila mmoja, na hasara ya kuchelewa. Waonyeshe wote wawili karatasi ileile, wakiwa pamoja kama inawezekana, au kwa barua pepe moja yenye majina yao yote mawili. Kisha sema kwa heshima na bila kigugumizi: "Mkuu, huu ndio mpangilio ninaoupendekeza. Tukiitanguliza tovuti, ripoti itafika siku nne baada ya tarehe. Naomba mniongoze." Wana haki ya kuupangua mpangilio wako. Wanachokosa siku zote ni kuona kupangua huko kunagharimu nini, na nani atalipa.

Sitakudanganya kwamba njia hii inafanya kazi kila mahali. Ziko ofisi ambako mkubwa asipoona dalili ya mradi wake kila wiki hukasirika, na hasira yake ina madhara kwako. Ukiwa huko, tenga nusu siku kwa wiki kwa mradi wake, ijulikane kuwa ni kodi ya amani, na usiruhusu ikue. Utachelewa kidogo kwingine. Ni biashara halali mradi tu unajua umenunua nini.

Kuna jambo moja ambalo hakuna mpangilio unaoliweza. Jumlisha wiki zote za miradi yako sita, kwa makadirio yaliyokwisha kusahihishwa, na uzilinganishe na wiki ulizo nazo. Kama jumla inazidi, kupanga hakuongezi saa. Hapo unachohitaji ni mradi mmoja ufutwe, tarehe isogezwe, au mtu aongezwe, na hilo si la kutatua peke yako usiku. Lipeleke kwa wakubwa hao hao, na wakikataa kulisikia, kwa ofisa wa rasilimali watu, ukiwa na karatasi ile ya hesabu mkononi.

Na huo usingizi. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake waliwaomba watu watumie dakika 5 kabla ya kulala kuandika, baadhi yao wakiandika kazi za siku zijazo na wengine kazi walizokwisha kufanya. Walioandika za mbele walipitiwa na usingizi mapema zaidi kwa takriban dakika 9, na kadiri orodha ilivyokuwa na maelezo ndivyo ilivyosaidia. Jaribu. Lakini kama kukatika usingizi kumeendelea wiki kadhaa, kama moyo unadunda ukikaribia ofisi, kama umepoteza hamu ya kula au ya watu wako, usisubiri miradi iishe ndipo ujihudumie. Muone daktari au mshauri nasaha ana kwa ana, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Kama mawazo yamefika mahali pa kuona bora usiamke, nenda leo, na mwambie mtu wa karibu akusindikize.

Usiku huu, kwenye kile kikaratasi cha dakika 5, mstari wa kwanza uwe mwepesi kiasi cha kutokuhitaji ujasiri: Jumatatu, kabla sijafungua barua pepe za watu, natuma zangu tatu za kuomba takwimu za ripoti.